Tyneham: Kijiji Kilichoambiwa Kitarudi

Kusini mwa Uingereza, katika mkoa wa Dorset, karibu na bahari, kuna kijiji kinaitwa Tyneham. Kina kanisa, kina shule, kina kibanda cha simu, kina safu ya nyumba za mawe kando ya bwawa dogo. Watu ndio hakina. Mwenyeji wa mwisho alilala pale Desemba 1943.

Nimeandika habari zake kwa sababu ya swali moja linalorudi kila mara kituoni kwetu cha vijana: hivi wazungu nao walishawahi kuondolewa kwao? Wengi tunajibu haraka haraka tu kwamba hapana, hayo ni mambo yetu sisi wa Kongo, wa Burundi, wa Somalia. Mimi mwenyewe Uingereza sijafika. Lakini kwenye maktaba yetu ndogo kuna vitabu vilivyokuja kwa maboksi ya msaada, na kimoja ni cha picha za vijiji vya huko. Picha nyingi ni maua na madirisha. Kurasa za Tyneham zilikuwa na kuta zisizo na paa, miti imeota ndani ya sebule. Ndio nikaanza kufuatilia, kila nikipata bando naingia kwenye simu naendelea kusoma.

Tyneham ni kijiji cha zamani sana. Kimeandikwa kwa jina la Tigeham katika lile daftari kubwa ambalo Mfalme William aliagiza liandikwe mwaka 1086, akitaka kujua kila ardhi ni ya nani na inaweza kutoa kodi kiasi gani. Kiko bondeni kati ya vilima viwili. Ukishuka na bonde kwa mguu, kama dakika ishirini hivi, unafika ghuba ya Worbarrow, ambako walikaa wavuvi. Juu ya ghuba hiyo kuna ngome ya udongo, Flower's Barrow, iliyochimbwa kabla Warumi hawajafika Uingereza, na kipande chake kimeshaporomokea baharini. Yaani watu wamekaa katika bonde hilo kabla hata ya kuwepo nchi inayoitwa Uingereza.

Kuanzia mwaka 1683 ardhi ya Tyneham ilikuwa ya familia moja, familia ya Bond. Hapo ninaomba usipite haraka, maana huko mbele ndiko mambo yatakapofungamana. Karibu kila nyumba ilikuwa ya Bond. Mkulima alipanga kwa Bond, mvuvi alipanga kwa Bond, mchunga ng'ombe vile vile. Babu alikaa katika nyumba, akafa, baba akaendelea, mtoto akazaliwa humo humo, na bado nyumba si yao. Wenyewe walikaa katika jumba kubwa la mawe lililojengwa karne ya 16, ndani ya miti, mbali kidogo na wengine.

Na tusipambe. Kuna watu wakisikia kijiji kimepotea, mara moja wanakifanya peponi. Tyneham haikuwa na umeme. Maji ya bomba ndani ya nyumba hayakuwepo, watu walichota kwenye bomba la kijiji na kubeba ndoo. Kazi ilikuwa shamba, uvuvi, na kuwatumikia wakubwa. Vijana walikuwa wameshaanza kwenda mjini wenyewe, hakuna aliyewasukuma. Shule ilifungwa mwaka 1932, miaka kumi na moja kabla ya jeshi kufika, kwa sababu watoto walikuwa wamebaki wachache. Nilipowaeleza vijana hilo la ndoo, msichana mmoja akacheka akasema, "Kumbe na wao!" Enhe, na wao.

Sasa tuje kwenye vita.

Jirani na Tyneham, sehemu inayoitwa Lulworth, jeshi lilikuwa na uwanja wa kufundishia askari wa vifaru kupiga mizinga. Uwanja huo ulianza zamani, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ilipofika 1943, Waingereza na Wamarekani walikuwa wanajiandaa kuvuka bahari kwenda kumpiga Hitler Ufaransa. Vifaru vilikuwa vimeongezeka, mizinga inapiga mbali zaidi kuliko ile ya zamani, na uwanja ukawa mdogo. Ukiangalia ramani unaona jinsi walivyofikiri: vilima, bonde, bahari, na watu wachache. Pazuri kwa shabaha.

Kwanza ilikuwa kidogo kidogo. Lile jumba la Bond lilichukuliwa na jeshi la anga, likakaliwa na wanawake waliokuwa wanafanya kazi ya rada pale karibu, na familia ya Bond ikahamia nyumba ya mtunza bustani wao. Halafu Novemba 1943 zikaja barua, nyumba kwa nyumba. Barua ilisema kwa adabu nzuri sana kwamba serikali inalihitaji eneo lote, kwamba inajua si jambo dogo linaloombwa, na ina hakika watu watatoa mchango huu kwa moyo mwema ili vita ishindwe. Siku ya mwisho ya kuondoka ilikuwa tarehe 19 Desemba. Mwezi mmoja na siku kidogo. Waliondoka wiki ya kuelekea Krismasi, karibu watu 225 wa Tyneham na mashamba ya jirani, kutoka katika eneo la kama hekta 3,000.

Neno "ombi" limo katika barua, lakini huwezi kulikataa. Wasomaji wangu wanajua barua za namna hiyo.

Waliofunga kijiji walibandika karatasi kwenye mlango wa kanisa. Inajulikana sana leo Uingereza. Iliwaambia askari watakaokuja kwamba tafadhali walitunze kanisa na nyumba, kwamba wenyeji wametoa makazi yao, ambayo wengine walikaa kwa vizazi vingi, ili kusaidia kushinda vita na watu wabaki huru. Na ikasema: siku moja tutarudi, na tunawashukuru kwa kukitunza kijiji vizuri. Angalia mpangilio wake. Hawakuandika "tukiruhusiwa". Walimshukuru mgeni kabla hajaingia, kama vile mama anayekuachia nyumba yake wiki moja na kukuonyesha chumvi iko wapi.

Sababu ya kuandika hivyo ni kwamba walikuwa wameambiwa. Ahadi ilikuwepo, wote walielewa kwamba vita ikiisha wanarudi. Hawakuwa wajinga.

Vita iliisha 1945. Kijiji hakikurudishwa. Mwaka wa kwanza wakaambiwa wasubiri, wa pili wasubiri, na mwaka 1948 serikali ikatumia nguvu ya sheria kuinunua ardhi yote kwa ajili ya jeshi. Kulikuwa na kikao cha hadhara cha kusikiliza malalamiko, watu wakasema, na maamuzi yakabaki yale yale: nchi bado inahitaji uwanja wa vifaru. Wakati huo serikali zilishaanza kuogopana na Urusi, vita moja imeisha na ya baridi imeanza. Kwa hiyo hoja ilibadilika jina tu.

Sasa rudi kwa lile nililosema usipite haraka. Nani alilipwa? Anayelipwa ardhi ni mwenye ardhi. Wapangaji hawakuwa na ardhi. Walilipwa thamani ya mboga zilizokuwa bustanini. Ndiyo, kabichi na viazi. Mtu amekaa nyumba moja miaka sitini, jina la mama yake liko kwenye kaburi pale kanisani, na hesabu yake serikalini ni kabichi.

Nilipofika hapo, siku nilipoisimulia hadithi hii kwenye kikundi chetu cha Jumamosi, mzee mmoja aliyekuwa amekaa nyuma (huwa anakuja kusikiliza tu, ni baba wa mmoja wa vijana) akauliza: "Na ufunguo walimpa nani?" Watu wakanyamaza kidogo. Yeye ana ufunguo wa nyumba yake ya Kivu mpaka leo, kila mtu katika ploti yetu anajua. Nikamwambia, baba, mimi nafikiri swali lako lingekuwa, karatasi walikuwa nayo nani. Akasema karatasi ni jambo la watoto wa siku hizi, kwao mpaka ulikuwa mti wa mwembe na mto, na kila mtu aliuheshimu. Tukabishana kwa heshima. Mimi bado naona Tyneham inanipa haki mimi: miti na mito ilikuwepo Dorset pia, na makaburi pia, na havikusaidia kitu kwenye kikao cha 1948. Lakini yeye naye alikuwa na hoja. Alisema, "Hao Bond walikuwa na karatasi. Walirudi?" Hawakurudi. Jumba lao liliachwa likaoza, baadaye likabomolewa sehemu kubwa, na gofu lake liko ndani ya eneo ambalo mtu wa kawaida haruhusiwi kuingia mpaka leo.

Kijana mwingine alipinga hadithi nzima. Alisema hao si wakimbizi, wamehamishwa kwenda mji wa pili, lugha ni ile ile, hakuna aliyewachoma nyumba usiku, hakuna aliyekatwa panga njiani. Ni kweli kabisa, na ninaliandika hapa ili wafanyakazi wa mashirika wasifikiri tunachanganya mambo. Wengine walipelekwa kwenye nyumba zenye maji na umeme na hawakulia sana. Sisi tulitoka kwa njia nyingine. Mimi sitafuti kulinganisha machozi. Ninachotazama ni jambo moja tu, jinsi neno "kwa muda" linavyofanya kazi likishawekwa kwenye karatasi ya serikali.

Na kwa hilo, Tyneham si peke yake, na ndipo hadithi inakuwa na maana zaidi. Mwezi ule ule wa Desemba 1943, Uingereza ilihamisha watu sehemu tatu kwa sababu zinazofanana, na mwisho wao haukufanana.

Sehemu ya kwanza ni South Hams, mkoa wa Devon, pwani ya Slapton. Pale waliondolewa watu kama 3,000 kutoka vijiji kadhaa na mashamba, kwa sababu ufukwe wake ulifanana na ule wa Normandy, na Wamarekani walitaka kufanya mazoezi ya kushuka kutoka melini. Nao walipewa wiki chache. Wazee waliokuwa hawajawahi kufika hata mji wa jirani walipakiwa na kuku wao. Hawa walirudi. Kuanzia mwishoni mwa 1944 walianza kufungua milango, wakakuta madirisha yamevunjika, panya wamejaa, ua za mashamba zimepasuliwa na magari. Baadhi waliamua kubaki walikokwenda. Lakini vijiji vipo, watu wanaishi, na mwaka 1954 jeshi la Marekani likasimamisha mnara wa jiwe pale ufukweni kuwashukuru wenyeji kwa kuachia nyumba zao.

Sehemu ya pili ni Imber, kijiji cha ndani huko Wiltshire, katikati ya nyika ya Salisbury. Jeshi lilikuwa limeshanunua ardhi karibu yote pale miaka ya kabla ya vita, kwa hiyo wenyeji walikuwa wapangaji wa jeshi lenyewe. Waliitwa kwenye mkutano shuleni tarehe 1 Novemba, wakapewa siku 47. Mhunzi wa kijiji alikutwa amelala juu ya fuawe yake analia. Alikufa muda si mrefu baada ya kuhama, na akawa wa kwanza kurudishwa Imber, akiwa ndani ya jeneza. Mwaka 1961 zaidi ya watu 2,000 waliandamana kwenda Imber kudai kijiji kifunguliwe. Hakikufunguliwa. Siku chache za mwaka njia inaachwa wazi na kanisa linapokea watu, na siku moja ya kiangazi yanaletwa mabasi ya zamani ya London, yale mekundu ya ghorofa, yanapeleka wageni kuangalia. Sijui nifurahi au nikasirike nikiona picha za basi lile mbele ya nyumba tupu.

Kwa hiyo: Slapton walirudi, Imber na Tyneham hawakurudi. Vijana waliniuliza kwa nini. Wengine walisema ni ukubwa, watu 3,000 wana kelele kuliko 200. Labda. Mimi naona kitu kingine pia. Slapton iliazimwa na jeshi la wageni ambalo lilikuwa na safari yake, likaondoka. Tyneham na Imber viliingizwa ndani ya viwanja ambavyo tayari vilikuwa na ofisi, kambi na makarani wa kudumu. Aliyeazima akiwa na nyumba jirani, kitu chako hakirudi kwa urahisi. Hilo hata sahani za jikoni zinajua.

Watu wa Tyneham hawakukaa kimya. Mwaka 1968, miaka 25 baada ya kuhama, liliundwa kundi la kudai bonde lifunguliwe, na mmoja wa walioliongoza ni Rodney Legg, mwandishi kijana wa Dorset. Walisumbua magazeti, walisumbua wabunge. Serikali ikaunda kamati ya kuangalia ardhi zote zinazoshikwa na jeshi, ikiongozwa na Lord Nugent, na mwaka 1973 kamati hiyo ikasema jeshi liondoke Lulworth, lihamie Wales. Hebu fikiria furaha ya siku hiyo. Mwaka uliofuata serikali ikalikataa pendekezo. Lakini kelele zilizaa kitu: kuanzia 1975 njia za miguu zilifunguliwa, na leo wikendi nyingi na siku za sikukuu kijiji kinaingilika.

Hapo katikati kuna jambo la ajabu ambalo wapenzi wa mazingira wanalisema sana. Kwa kuwa hakuna aliyelima kwa mashine wala kupulizia dawa toka 1943, bonde limekuwa na vipepeo, ndege, maua na wanyama ambao kwingine wamepungua. Wapo wanaosema bora jeshi libaki, maana wakitoka watakuja wajenzi wa nyumba za kitajiri. Naielewa hoja. Ila naona haikuulizwa kwa mtu wa kabichi.

Ukifika leo, kwa jinsi wanavyoeleza waliofika, unaacha gari kwenye uwanja wa maegesho, unapita safu ya nyumba za posta. Kuta zimesimama mpaka kimo cha madirisha ya juu, majiko ya kuotea moto yametazama nje, na kila nyumba ina kibao chenye picha ya familia iliyokaa humo. Nje ya posta kuna kibanda cha simu, cheupe cha saruji, aina ya mwaka 1929, siyo kile chekundu cha kadi za posta. Na hicho kina kisa chake. Miaka ya 1980 watu wa sinema walikuja Tyneham kupiga filamu ya Comrades, inayohusu vibarua sita wa Tolpuddle, kijiji kingine cha Dorset, waliosafirishwa kama wafungwa kwenda Australia mwaka 1834 kwa kuunda chama cha wafanyakazi. Wakati wa kupiga filamu kibanda kikavunjwa, ikabidi kitafutwe kingine. Mizinga ilikikosa miaka arobaini, filamu ikakipata.

Kanisa la Mtakatifu Maria, ambalo sehemu zake ni za karne ya 13, bado lina paa. Ndani limewekwa picha na maelezo ya waliohama. Shule nayo imetengenezwa upya: madawati, daftari, ramani, na vile vigingi vya kutundikia makoti, kila kimoja na jina la mtoto. Katika picha zote za kile kitabu hizo ndizo vijana wangu wanazirudia. Mmoja alihesabu majina. Mwingine akasema tufanye hivyo hivyo kwa shule zetu za nyumbani, tuandike majina ya tuliosoma nao kabla hayajatutoka, na tumeanza, karatasi za manila ziko ukutani kituoni, yeyote anaweza kuja kuongeza. Mpaka sasa tuna shule nne. Wazazi, njooni na ninyi, maana majina ya walimu tunayakosea.

Ukiondoka kijijini kushuka baharini, unatakiwa kufuata nguzo zenye rangi ya njano. Nje ya nguzo hizo kuna makombora ambayo hayajalipuka. Siku za mazoezi hupandishwa bendera nyekundu, njia zinafungwa, na vifaru vinapiga kutwa. Siku za wageni lango hufunguliwa asubuhi, watu wanakula chakula chao kwenye majani, watoto wanakimbia ndani ya nyumba zisizo na paa, na jioni walinzi wanafunga. Kulala hairuhusiwi, hata kwa aliyezaliwa pale.